WEG ya Brazili: kiwanda cha mota na jenereta ninachokikubali, bei ya hisa ndiyo inayonikwaza

Mhasibu Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, heshima yenu.

Nyuzi za hisa za nje humu jukwaani zimejaa Nvidia na Tesla, na sina ugomvi na wanaozipenda. Mimi kwa muda sasa nimekuwa nikizitafuna ripoti za kampuni ambayo sijaiona ikijadiliwa kwa Kiswahili: WEG S.A. ya Brazili. Wanatengeneza mota za umeme za viwandani, jenereta, transfoma, draivu za kupandisha na kushusha kasi ya mota, hata rangi na vanishi. Kwenye soko la hisa la São Paulo utaikuta kwa alama ya WEGE3.

Niseme msimamo wangu mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Kampuni naikubali. Lakini ule ukuaji unaowafanya watu waigombee, karibu nusu yake unatokana na sarafu ya Brazili, reali, kuporomoka, na soko limekuwa likiulipia bei kana kwamba wote umetoka kiwandani. Sasa tufungue vitabu.

Ilianzishwa mwaka 1961 katika mji wa Jaraguá do Sul, jimbo la Santa Catarina, kusini mwa Brazili, eneo lenye wazao wengi wa wahamiaji wa Kijerumani. Waanzilishi walikuwa watatu: Werner Ricardo Voigt fundi umeme, Eggon João da Silva mtu wa utawala, na Geraldo Werninghaus fundi makanika. Jina ni herufi za kwanza za majina yao. Husimuliwa kwamba mtaji wao wote ungenunua gari tatu ndogo za Volkswagen. Hisa ziliingia sokoni mwaka 1971, na hadi leo familia hizo tatu zinashikilia zaidi ya nusu ya kampuni. Mwaka 2024 jarida la Forbes lilimtaja mjukuu wa mmoja wao, mwanafunzi wa miaka 19, kuwa bilionea mdogo kuliko wote duniani. Hisa za mota hizo, wakuu, si sarafu za mtandaoni.

Kinachowatofautisha na wengi ni kwamba karibu kila kitu wanakifanya wenyewe. Wanasubu bodi za chuma, wanakata mabati ya stata (sehemu ya mota iliyotulia) na rota (inayozunguka), wanavuta waya wa shaba na kuupaka vanishi, na vanishi yenyewe ni yao. Mshindani anayenunua vipande kwa watu watano analipa faida ya watu watano. Ndiyo maana faida yao kabla ya riba, kodi na uchakavu imekaa kwenye asilimia 22 ya mapato, wakati biashara nyingi za mota zinapumulia kwenye 10 mpaka 15. Kwa kila reali 100 ya mtaji uliozama kwenye biashara, wamekuwa wakirudisha zaidi ya reali 30 kwa mwaka baada ya kodi. Kwa kiwanda cha vyuma hiyo ni namba ya kukufanya uifute miwani uangalie tena.

Mapato ya mwaka 2014 yalikuwa reali bilioni 7.8. Mwaka 2024 yakafika bilioni 38. Faida halisi ikatoka chini kidogo ya bilioni 1 hadi bilioni 6. Ukipiga hesabu ya wastani, mapato yamekua asilimia 17 kila mwaka kwa miaka kumi. Hapo ndipo wachambuzi wengi wanapofunga kitabu na kuandika “nunua”.

Mimi nikafanya kitu kimoja kirahisi: nikazigeuza kuwa dola. Mwaka 2014 dola moja kwa wastani ilikuwa reali 2.35. Mwaka 2024 ilikuwa reali 5.39. Mapato yakawa dola bilioni 3.3 yakienda bilioni 7. Hiyo ni mara mbili na kidogo, yaani asilimia 8 hivi kwa mwaka, si 17. Faida imefanya vizuri zaidi, kama asilimia 11 kwa mwaka kwa dola, kwa sababu wamebana gharama na kuuza bidhaa zenye faida nene. Asilimia 11 ni nzuri sana. Ila siyo ile 20 inayosomeka kwenye ripoti ya Kireno.

Na tazameni inavyofanya kazi: zaidi ya nusu ya mauzo yao yako nje ya Brazili. Reali ikidondoka, mota iliyouzwa Ujerumani kwa euro zilezile inaingia kwenye vitabu ikiwa na reali nyingi zaidi. Mapato “yamekua” na hakuna mota ya ziada iliyotoka kiwandani. Mwenye kuishi São Paulo hili halimuumi, anakula na kulipa kodi ya nyumba kwa reali. Wewe unayetoka na dola au shilingi linakuhusu.

Sasa bei. Mwaka 2024 faida kwa kila hisa ilikuwa reali 1.44. Mwisho wa mwaka huo hisa ilikuwa juu ya reali 50, maana yake watu walilipa zaidi ya mara 35 ya faida. Mwaka 2025 ikapigwa, ikashuka chini ya 40, ikawa kama mara 25. Kilichoipiga ni vitu viwili. Ripoti za katikati ya mwaka zilionyesha mwendo unapungua, na robo ya tatu mapato yalikua kwa asilimia 4 tu. Halafu Julai Rais Trump akatangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Brazili, ukaanza Agosti. WEG walijibu kwamba wataupeleka mzigo wa Marekani kutokea Mexico, na Brazili ihudumie masoko mengine. Ndiyo faida ya kuwa na viwanda Mexico, Marekani, China, India, Ureno, Uturuki na kwingine: unapanga upya nani anamlisha nani. Lakini kupanga upya huko ni gharama na ni miezi.

Kuna jambo moja linalonipa imani na linalonitia wasiwasi kwa wakati mmoja. Mwaka 2023 walikubaliana kuinunua biashara ya mota na jenereta za viwandani ya Regal Rexnord ya Marekani, zikiwemo chapa za Marathon, Cemp na Rotor, kwa dola milioni 400, na wakakabidhiwa mwaka 2024. Biashara ile ilikuwa inauza dola milioni 540 hivi kwa mwaka, faida yake haifiki asilimia 10. WEG wakiinyanyua hadi 15 tu, watakuwa wamelipa chini ya mara tano ya faida hiyo. Ununuzi wa akili sana. Lakini geuza upande wa pili: biashara ya mota imeuzwa kwa chini ya mauzo ya mwaka mmoja. Siemens nao waliiuza Innomotics, kitengo chao cha mota kubwa chenye mauzo ya takribani euro bilioni 3, kwa kampuni ya uwekezaji ya KPS mwaka 2024 kwa euro bilioni 3.5. Mauzo ya mwaka mmoja na ushee. WEG yenyewe, hata baada ya kushuka mwaka 2025, soko liliithamini karibu mara nne ya mauzo yake ya mwaka. Wanastahili kuuzwa ghali kuliko wenzao, sibishi. Mara nne?

Karibuni tupingane kwa hoja.

Kiroboto

Shusha mkuu, nimeweka kambi na thermos ya chai.

FundiStata

Mzee wangu Mhasibu, shikamoo. Nikuongezee upande wa sisi tunaoshika spana.

Watu wanadhani mota ni mota. Ukisoma kile kibati ubavuni utaona kilowati, mizunguko kwa dakika, volti, na herufi IE ikifuatiwa na namba. Ile IE ni daraja la ufanisi wa mota, na ndiyo pesa yenyewe. Chukua mota ya kilowati 75, poli nne. Ikiwa IE3 inatakiwa kuwa na ufanisi wa asilimia 95, ikiwa IE4 asilimia 96. Mtu atacheka, asilimia moja! Haya, izungushe saa 6,000 kwa mwaka ikiwa na mzigo kamili. Ile ya IE3 inakula kama yuniti 474,000. Tuseme yuniti ni shilingi 200 kwa hesabu rahisi, bili ni karibu milioni 95 kwa mwaka. Ile asilimia moja imekuokolea yuniti 4,900, kama laki tisa na themanini kila mwaka. Na bei ya mota yenyewe haifiki hata robo ya bili ya mwaka mmoja. Ndiyo maana Ulaya wameifanya sheria: tangu Julai 2023 mota nyingi za kilowati 75 hadi 200 zinazouzwa kule lazima ziwe IE4. Sheria kama hiyo ni soko la bure kwa watu kama WEG, maana kiwanda kidogo cha uchochoroni hakiwezi kuifikia.

Huku kwetu tatizo ni kusuka upya. Nilienda kiwanda kimoja cha kuchambua pamba Kanda ya Ziwa, mota imeshasukwa mara kadhaa. Waliomtangulia fundi wa sasa walikuwa wanaichoma stata kwa moto wa kuni ili koili zitoke kirahisi. Moto ukizidi, ile ngozi ya kuhami kati ya bati na bati inaungua, mabati yanagusana, umeme unazunguka ndani ya chuma chenyewe. Mota inawaka, inazunguka, kila mtu anapiga makofi. Weka kiganja kwenye bodi baada ya nusu saa, unakitoa mwenyewe. Bosi haoni, kwa sababu hasara inakuja kwenye bili na siyo kwenye karakana.

Sasa pale ninapotofautiana na wanaosema WEG haiwezi kuguswa. Mota hizi zina vipimo vya kimataifa. Hiyo ya 75 inakaa kwenye fremu ya 280, yaani ukubwa wa bodi uliokubaliwa na wote, matundu ya boliti yako palepale, urefu wa shafti uleule. Natoa WEG asubuhi, nafunga ABB au ya Kichina mchana, pampu haijui. Mteja hafungwi na chapa. Anafungwa na nani ana mzigo stoo leo. Kusini mwa Afrika WEG walikuwa wajanja, waliishika Zest ya Afrika Kusini mwaka 2010, ambayo ilishakuwa inauza mota zao miaka mingi na kuhudumia migodi. Stoo iko karibu, fundi yupo, basi.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba kijana wangu. Hiyo ya fremu 280 nimeinakili kwenye daftari langu. Wachambuzi wanaandika “uaminifu kwa chapa” na wewe unaniambia boliti nne tu. Na inaeleza kwa nini stoo yao ya bidhaa zilizokamilika huwa kubwa: pesa imelala kwenye mota zinazosubiri mtu aliyeunguza yake usiku.

Mtoto wa Gerezani

Mzee samahani, hapo Mchina umempa nafasi ndogo mno. Mimi nauza mota na pampu. Mteja akija, namwekea ya Kichina na ya Mzungu, anauliza bei, ananyamaza, anabeba ya Kichina. Wolong ya China siyo watu wa uchochoroni. Waliinunua ATB ya Austria mwaka 2011, mwaka 2018 wakachukua mota ndogo za viwandani za General Electric. Miaka kumi ijayo hiyo asilimia 22 ya faida nani ataiachia?

Mhasibu Mstaafu

Hoja nzito, na sitaipindisha. Kwenye mota ndogo, za kilowati mbili tatu, zile za pampu za kisima na mashine za kusaga, vita ya bei WEG hawashindi. Hata wao wana kiwanda Nantong, China, kwa sababu wanajua ukitaka kushindana na Mchina uende ukatengenezee kwake.

Faida nene iko kwingine. Iko kwenye mota kubwa za volti elfu kadhaa zinazotengenezwa kwa oda, iko kwenye jenereta za mitambo ya miwa na maji, iko kwenye transfoma kubwa. Mteja wa hapo hanunui dukani. Anataka mtu atakayekuja baada ya miaka minane mtambo ukilia. Na tofauti nyingine: WEG anauza mota, draivu, paneli na transfoma kwa mkupuo, kiwanda kizima kwa ankara moja.

Ila swali lako linabaki: bei ya mara 25 ya faida haina nafasi ya Mchina kupanda ngazi. Ukilipa mara 15 unaweza kumvumilia.

Wa Kolwezi

Bandugu, jambo sana. Miye niko Kolwezi, Congo. Munasema juu ya mota na hamujagusa shaba, na shaba inatoka kwetu hapa.

Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Mei 2025 ardhi ilitetemeka ndani ya mgodi wa Kakula, maji yakaingia, kazi ya chini ikasimama. Ili kuyatoa yale maji walihitaji pampu kubwa sana, na pampu inazungushwa na mota. Ona mambo: shaba inakosekana, na ili kuifikia unahitaji mashine iliyojaa shaba. Septemba Grasberg kule Indonesia matope yakaporomoka, mgodi mwingine mkubwa ukasimama. Bei Londoni ikavuka dola 11,000 kwa tani. Huyu WEG anayevuta waya wake mwenyewe, gharama hiyo anaitupa kwa nani?

Mhasibu Mstaafu

Karibu sana ndugu yetu, ulichelewa wapi?

Mara nyingi anamtupia mteja, ila kwa kuchelewa. Mota za orodha, zile za kwenye katalogi, anabadilisha bei kila inapobidi na wauzaji wake wanalalamika mwezi mmoja kisha wanazoea. Kwenye transfoma kubwa mikataba ya sekta hii huwa na kifungu cha kurekebisha bei kufuata shaba na chuma. Panapouma ni oda ya mota kubwa iliyosainiwa kwa bei iliyofungwa, na kabla haijatoka kiwandani shaba imepaa. Robo moja au mbili za faida iliyobanwa, halafu inarudi. Mwenye hisa wa muda mrefu asikoseshwe usingizi na hilo. Anayelipa mara 35 ya faida ndiye anayepaswa kukosa usingizi, kwa sababu soko lililozoea kusifu likiona robo moja mbaya halina subira. Julai 2025 faida ilikuwa imekua kwa asilimia 10, wala haikushuka, na bado hisa ilipigwa vibaya siku ya ripoti.

Dada wa Houston

Habari za huko nyumbani. Mimi nafanya kazi upande wa ununuzi wa vifaa vya umeme huku Texas, kwa hiyo nitasema ninachokiona mezani kwangu.

Transfoma ndiyo hadithi kubwa, mota zimekuwa dada mdogo. Ukiagiza transfoma kubwa ya gridi leo unaambiwa usubiri miaka miwili na zaidi. Vituo vya data vinajengwa kila mahali, kila kimoja kinataka umeme wa mji mdogo, na nyuma ya jengo kinapanga jenereta za dizeli kwa safu za dharura. Zile jenereta, injini inaweza kuwa Caterpillar au Cummins, lakini kile kichwa kinachozalisha umeme mara nyingi ni cha kampuni nyingine: Leroy-Somer ya Nidec ya Japani, au Marathon ambayo sasa ni ya WEG. Kwa hiyo ule ununuzi wa Regal aliouelezea mzee una maana kuliko mota tu.

WEG walitangaza Novemba 2023 kuwekeza reali bilioni 1.2 kupanua viwanda vya transfoma Brazili, Mexico na Colombia, na huku Missouri wana viwanda. Kwa mtazamo wangu miaka mitatu ijayo oda zipo. Ninachoogopa ni kwamba kila mtu anajenga. Hitachi Energy Septemba 2025 wametangaza zaidi ya dola bilioni moja hapa Marekani peke yake. Viwanda vyote vikikamilika pamoja, muuzaji aliyekuwa hapokei simu yangu ataanza kunipigia yeye.

Halafu wengine wakitaka kulinganisha, Nidec ilishuka sana na watu wakaiona rahisi. Kumbukeni mwaka 2025 wakaguzi wa hesabu wao walikataa kutoa maoni juu ya hesabu zao. Rahisi kuna sababu.

Mhasibu Mstaafu

Dada yangu umemaliza kazi. Mkaguzi akikataa kutoa maoni, mimi niliyeishi kwenye ukaguzi nafunga faili bila kuuliza bei.

Niongeze tu kuhusu WEG kwamba transfoma nzuri zinaficha vidonda vingine. Mitambo ya upepo Brazili oda zimekauka, na sola za majumbani ziliwapa mapato mengi kisha zikapoa. Kitengo cha uzalishaji na usafirishaji wa umeme ukikitazama kwa jumla kinapendeza, ukikichambua ndani unaona mguu mmoja unakimbia na mwingine unachechemea. Mwaka transfoma zikipoa na upepo haujarudi, mtaona.

Mzee wa Hatifungani

Nimesoma yote kwa makini. Swali langu ni la kizamani. Nina hatifungani ya serikali ya muda mrefu, kuponi ya tarakimu mbili, inaingia kila miezi sita, haina habari na Trump wala matope ya Indonesia. Kwa nini nihangaike na Brazili ambako riba yao ya benki kuu yenyewe mwaka 2025 ilifika asilimia 15? Hata Wabrazili si wangeweka pesa serikalini?

Mhasibu Mstaafu

Mzee mwenzangu, Wabrazili wengi ndivyo wanavyofanya, na hisa zinapata kazi ngumu kushindana na riba hiyo. Faida ya WEG kwa bei ya mara 25 ni asilimia 4. Serikali yao ilikuwa inakupa 15. Anayenunua anasema ukuaji utalifukia hilo shimo.

Kwa mwenye shilingi, na mahitaji yake yote ni ya shilingi, ada za wajukuu na bati za nyumba ya Kibaha, hatifungani yako sina neno nayo. Hisa ya WEG ina maana kwa mtu anayetaka sehemu ya akiba yake ikae kwenye mapato yanayotoka duniani kote, siyo kwenye nchi moja. Nusu ya mauzo ya kampuni hii ni dola, euro, yuan na randi. Cha ajabu ni kwamba kinga hiyo unainunua kupitia soko la Brazili, na mataifa yakipata hofu na Brazili hisa inashuka pamoja na zile za mabenki yao, hata kama kiwanda cha Ureno kinafanya kazi usiku na mchana. Wakati kama huo ndio ninaousubiri.

Hesabu yangu ni hii, kwa dola. Tuseme faida itakua asilimia 9 kwa mwaka kwa miaka kumi, chini kidogo ya ilivyokuwa. Tuseme mwishoni soko litakuwa linalipa mara 20 ya faida, bado ni bei ya heshima. Aliyenunua kwa mara 25 anapata kama 9 kwa mwaka, ukijumlisha gawio la asilimia 2 na kutoa kushuka kwa uwiano wa bei kwa faida. Aliyenunua kwa mara 36, kiwanda kilekile, mota zilezile, anaambulia kati ya 4 na 5. Hapo hakuna aliyekosea kwenye kampuni.

Kijana wa Mlimani

Shikamoo mzee. Je, wewe binafsi umenunua? Na kama bado, kwa bei gani? Sisi wenye laki tatu tunaingiaje?

Mhasibu Mstaafu

Marahaba. Sina hisa hata moja ya WEG mpaka sasa, kwa hiyo siwapigii debe.

Ukijumlisha robo nne mpaka Septemba 2025, faida kwa kila hisa ni kama reali 1.54. Nataka mara 20, yaani reali 30 na kidogo. Ikifika nanunua theluthi ya kiasi nilichotenga, nasubiri ripoti, naongeza. Isipofika, maisha yanaendelea.

Kwa walio nje au wenye dalali anayefika Marekani, kuna stakabadhi zinazowakilisha hisa za WEG, zinazouzwa nje ya soko rasmi kwa alama ya WEGZY. Biashara yake ni nyembamba, kwa hiyo usiweke agizo la “bei yoyote ya soko”. Andika bei unayoitaka, ukae. Na gawio: kuanzia Januari 2026 Brazili inakata asilimia 10 ya gawio linalokwenda kwa asiye mkazi, kitu ambacho hakikuwepo. Ile 2 yangu hapo juu inakuwa 1.8. Kwa laki tatu, kusema ukweli, makato ya kutuma pesa na kubadilisha fedha yatakula faida ya mwaka mzima. Kaa kwanza kwenye mifuko ya uwekezaji ya hapa nyumbani mpaka kiasi kikue, usome ripoti bila kulipia chochote.

FundiStata

Mzee, ukisoma ripoti unaanzia wapi? Mimi nikifungua nakuta kurasa za picha za watoto na miti.

Mhasibu Mstaafu

Ruka miti. Zipo za Kiingereza kwenye tovuti yao ya wawekezaji, za kila robo ni fupi kuliko ya mwaka. Tafuta jedwali la mapato kwa maeneo manne ya biashara, ndani na nje ya Brazili, halafu angalia pale wanapoeleza ukuaji bila ununuzi na bila sarafu. Mstari huo mmoja unabeba hoja ya uzi mzima. Kisha angalia faida ya mtaji: ilishuka kidogo baada ya kuinunua Regal, nataka kuona inapanda Marathon ikikaa sawa. Na kama unaweza, niulizie kwa wauzaji wa huko kama mzigo wa Marathon unafika haraka kuliko zamani au la. Hilo hawataliandika.

Ripoti ya mwaka mzima wa 2025 nayo nitaisoma. Nitaibandika humu humu, na nitaigeuza kwa dola.